Hoja ya titaniamu ya Kwale na seli za jua

Jamani, wimbo huu umenichosha. Ukitaja sola tu, mtu anadakia: "Kwale tuna titaniamu, mbona tusitengeneze seli zetu wenyewe?"

Haya, tuutazame mchanga wenyewe. Base Titanium ilianza kusafirisha madini kupitia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Ilmenaiti ya namna hii kazi yake kubwa duniani ni rangi nyeupe ya kupaka ukuta. Ni kweli, mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walitumia titaniamu dioksaidi kupokea elektroni kutoka kwenye rangi inayonasa mwanga. Lakini kwenye seli za kioganiki, zile za plastiki nyembamba, unga huohuo ukipigwa na miale ya urujuanimno huanza kuzila molekuli zilizo jirani yake. Oksaidi ya zinki nayo ina tabia hiyo. Na miale hiyo Msambweni haiuzwi, tunaoga nayo bure.

Ila wenye maabara nao wasicheke. Wao wanaabudu namba moja: ufanisi. Sisi waandika programu tunalijua kosa hili, kupanga jedwali zima kwa safu moja halafu kuchukua mstari wa juu.

Mfano ni mradi wa Harvard ulioanza 2008. Watu walijitolea kompyuta zao kupitia World Community Grid ya IBM, na mwaka 2013 ikatolewa hifadhidata ya molekuli milioni 2.3, bure kwa kila mtu. Kazi safi, nawavulia kofia. Lakini makadirio yale ya ufanisi yalichukulia kwamba mwenza wa kila molekuli atakuwa fulerini. Mwaka 2019 Wachina wakaja na Y6, ambayo si fulerini kabisa, wakagonga asilimia 15.7. Leo rekodi imepita 19.

Sasa nionyeshe safu inayosema seli hiyo itakuwaje ikikaa mwaka mzima juu ya bati la Diani, kwenye joto, unyevu na chumvi. Kipimo rasmi hufanywa kwa nyuzi 25. Bati la Diani saa saba mchana, nyuzi 25? Acheni mzaha.

Piga hesabu ya mfano. Seli A ina asilimia 19 lakini hupoteza nusu kila mwaka: 19, 9.5, 4.75... ukijumlisha hadi kiyama hufiki 38. Seli B ina 12 tu, ikadumu miaka kumi: 120. Ile orodha ya kwanza ingekuchagulia A!

Kwa hiyo ongezeni safu: umri kwenye joto na unyevu, hatua ngapi za kuipika molekuli, sumu ya kiyeyushi, gharama ya kuziba hewa isiingie. Panga upya, uone nani anabaki juu.

Na mwenye rekodi ya asilimia 19 ailete Diani tuifunge juu ya paa, kaskazi moja na kusi moja, kisha tuisome mita pamoja.