Usimkataze mwanao kusomea kiini cha maradhi

MZEE mmoja ambaye nimemtibu shinikizo la damu kwa miaka mingi alifika kliniki yangu hapa Nairobi majuzi akiwa na lalamiko lisilohusu afya yake. Bintiye amehitimu udaktari, amemaliza mwaka wa mazoezi hospitalini, na sasa anataka kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili katika patholojia, yaani elimu ya jinsi maradhi yanavyoanza na kuuharibu mwili.

"Daktari, nimelipa karo miaka sita. Leo anataka kwenda kukaa na maiti!"

Nilicheka, lakini najua wazazi wengi wangesema vivyo hivyo. Wakenya wakisikia patholojia hufikiria mochari. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu hawa huwahusu walio hai. Uvimbe ukitolewa kwenye titi, wao ndio husema kama ni saratani au la, na ni ya aina gani. Sisi tulio kliniki hungojea neno lao.

Hata hivyo, lililonifanya nishike kalamu ni lingine. Elimu hii huuliza swali ambalo daktari mwenye foleni mlangoni hana nafasi ya kuliuliza: kwa nini?

Nitakupa mfano, msomaji, ingawa si wa kujivunia. Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja magharibi mwa nchi, mama aliniletea mtoto wa miezi minane, mikono na miguu imevimba. Nikampa dawa za maumivu na za malaria, nikamrudisha nyumbani. Mwezi uliofuata aliletwa tena akiwa na homa kali, na hakuuona usiku wa pili. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Uvimbe ule ndio huwa dalili ya kwanza kwa watoto wengi. Nilikuwa nimeikariri chuoni ili nipite mtihani, lakini sikuwa nimeielewa.

Himoglobini, ile inayobeba hewa ya oksijeni katika damu, ina kosa dogo kwa wagonjwa hawa. Oksijeni ikipungua hushikana ikawa kama nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, ndiyo maana vidole huvimba na mifupa huuma. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa huyu mara nyingi haifikishi 20. Bandama, inayochuja viini vya maradhi katika damu, huharibika mtoto angali mdogo sana. Kwa hivyo homa ya mtoto kama huyu si ya kungoja kupambazuke. Laiti ningaliyajua hayo kwa undani siku ile!

Waliotufumbua macho walikuwa watu wa kuuliza kwa nini. Mwaka wa 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, aliona kwamba wagonjwa hawa hawasumbuki miezi ya kwanza ya maisha, akaeleza kuwa ile himoglobini ya tumboni mwa mama bado inawakinga. Mwaka wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa hapa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi yetu. Akakuta alama ya selimundu ni ya kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nadra nyanda za juu. Mwaka wa 1954 akatoa jibu: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, alama ilidumu.

Maelezo ya Watson hayakubaki kwenye makabati. Ilipojulikana kuwa himoglobini ya utotoni ni kinga, wataalamu walitafuta dawa ya kuirudisha, wakaipata haidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, na vifo pia. Dawa yenyewe ni ya kumeza tu.

Sasa mtu aniambie kwamba kukaa na hadubini ni kupoteza karo!

Lakini mzazi si wa kulaumiwa peke yake. Nawajua madaktari vijana walioomba ruhusa ya masomo wakaambiwa wangoje, kwa kuwa wodi haina watu. Ni kweli wodi haina watu, nami sijui ningejibu nini kama ningekuwa kwenye kiti cha mwajiri huyo. Hata hivyo, masomo haya huchukua miaka minne, na daktari aliyenyimwa mshahara kwa muda huo mwenye watoto wa kulisha atayaacha, au atayafuata ng'ambo abaki huko. Maradhi yaliyo mengi kwetu yatasubiri mgeni aje ayaulize maswali.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mshahara je?"

Sikumficha. Daktari wa upasuaji mwenye kliniki yake huenda akampita bintiye mara kadhaa. Akanyamaza. Halafu akakumbuka kwamba yeye na mkewe ni watu wa Busia, na mwanawe wa kiume anaoa mwezi wa Desemba, msichana wa huko huko. Akataka kujua hiyo alama hupimwaje.

Nilimweleza kwamba wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa, na kwamba ni damu kidogo tu inayotolewa. Nikamwandikia vijana wote wawili waende maabara.