Upepo Upimwe kwa Pishi Moja

Mwezi Machi 2024 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilifungua zabuni ya kwanza ya vitalu vya kutafutia mafuta na gesi katika bahari yake. Upande wa Bara, meli za kuchimba zilianza kazi katika kina kirefu cha maji mwaka 2010. Kusini ya mto Ruvuma, katika bahari ya Msumbiji, mtambo unaoelea wa Coral Sul, wenye urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, ulitoa shehena yake ya kwanza ya gesi Novemba 2022. Mengi yamesemwa juu ya mgawanyo wa mapato ya shughuli hizi, na ni haki yasemwe. Leo tungependa kuwakumbusha wananchi na viongozi wetu jambo jingine, nalo ni upepo utakaovipiga vyombo hivyo siku ya dhoruba, na namna upepo huo unavyopimwa kabla chombo hakijatia nanga.

Wapo wanaodhani kwamba pwani yetu haifikwi na tufani. Historia inawakanusha. Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sultani na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Aprili 2019 tufani Kenneth ilipita kaskazini ya Ngazija na kuingia Cabo Delgado, na Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia, boti za abiria zikafungwa bandarini. Matukio haya ni machache, lakini chombo kinachotarajiwa kukaa baharini miaka ishirini au zaidi hakiwezi kujengwa kwa kutegemea bahati.

Mhandisi anapotaka kujua upepo utakisukuma chombo kwa nguvu gani, hutengeneza mfano mdogo wa sehemu inayokaa juu ya maji, pengine kwa kipimo cha moja kwa mia mbili, akauweka ndani ya handaki la upepo. Hicho ni chumba kirefu chenye feni kubwa mwishoni. Mfano huwekwa juu ya mizani, hugeuzwa kidogo kidogo ili upigwe na upepo kutoka kila upande, na nguvu zote huandikwa. Kutokana na tarakimu hizo hupatikana unene wa minyororo, idadi ya nanga, na kiasi ambacho chombo kinaweza kulalia upande bila kupinduka.

Kazi hiyo ni nzuri, lakini ina mlango wa udhaifu. Mahandaki hayafanani, wala desturi za wapimaji hazifanani. Mmoja hueleza upepo kwa wastani wa saa nzima, mwingine kwa wastani wa dakika moja, mwingine kwa dharuba ya sekunde tatu; na kasi ya upepo ikizidi kwa robo tu, nguvu yake huzidi kwa zaidi ya nusu. Mmoja huiga upepo wa baharini kama ulivyo, dhaifu karibu na maji na mkali zaidi juu, wenye misukosuko. Mwingine huupeleka sawasawa kutoka chini hadi juu. Nguzo za mviringo zikishafanywa ndogo hazipitishi upepo kama nguzo halisi, hivyo hubidi zitiwe mikwaruzo ili mfano ukaribie ukweli. Si kila mpimaji hufanya hivyo kwa namna moja. Wengine huupima mfano ukiwa umesimama wima peke yake, ilhali chombo kikilala upande upepo huingia chini ya sitaha na kuiinua, na hapo ndipo penye hatari. Hata hesabu ya mwisho hutofautiana. Mmoja hugawa nguvu kwa eneo linalotazamana na upepo, mwenziwe kwa urefu wa chombo mara upana, kisha kila mmoja akaandika tarakimu iliyo sahihi kwake na isiyoweza kulinganishwa na ya mwingine.

Sokoni tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kila muuzaji akija na pishi lake, mnunuzi hajui aliyepunjwa ni nani. Afisa wa Serikali anayeletewa ripoti tatu kutoka kampuni tatu yuko katika hali ya mnunuzi huyo, isipokuwa kwamba anayoyapima ni maisha ya watu.

Itajibiwa kwamba kanuni zipo. Ni kweli. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha kanuni za vyombo vya kuchimbia vinavyohamishika mwaka 1979, likazifanya upya 1989 na 2009. Kanuni hizo zataka chombo kihimili upepo wa mita 36 kwa sekunde katika kazi ya kawaida, na mita 51.5 kwa sekunde katika dhoruba kali. Upepo huu wa pili husukuma ukuta bapa kwa uzito wa karibu kilo 165 kwa kila mita ya mraba, zaidi ya maradufu ya ule wa kwanza. Kanuni hizo hizo zaruhusu jaribio la handaki litumike badala ya hesabu za kawaida, mradi lizingatie chombo kinapolala kwa pembe mbalimbali. Ruhusa hiyo ni ya busara. Lakini hazielezi kwa kina jaribio lenyewe liendeshwe vipi, na mwanya huo ndio tunaotaka uzibwe. Gharama za jaribio hulipwa na mwenye chombo, na wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hatumtuhumu mtu, twasema tu kwamba utaratibu mzuri haumwachii mwamba ngoma peke yake.

Huenda mvuvi wa Mkokotoni au Mkoani akauliza haya yote yamhusu nini. Yamhusu sana. Mwaka 2005, tufani Katrina na Rita zilipopita Ghuba ya Meksiko, vyombo vingi vya kuchimba vilikata minyororo na kuchukuliwa na maji. Jukwaa lililoitwa Typhoon lilikutwa limepinduka. Nanga zilizoburuzwa chini ziliharibu mabomba ya mafuta na gesi. Sasa tutazame bahari yetu. Bomba la gesi latoka Songo Songo kuelekea Bara. Umeme wa Unguja na wa Pemba hupita katika waya zilizolazwa chini ya bahari. Wananchi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009, hitilafu ya waya ilipowanyima umeme, maji yakaadimika na biashara zikalala. Hitilafu ile haikuletwa na nanga ya mtu. Nanga ya chombo kilichokatika ingeweza kuleta giza kama lile, pamoja na kuvunja matumbawe ambayo samaki wetu huzaliana humo.

Kwa hiyo tunapendekeza mamlaka za pande zote mbili za Muungano zikae pamoja na kutoa kanuni moja. Kwanza, kila ripoti ieleze upepo kwa urefu mmoja juu ya bahari, yaani mita kumi, na kwa muda mmoja wa wastani. Pili, upepo ndani ya handaki uigwe kwa kufuata upepo wa bahari hii, kwa kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, tufani zikiwemo. Tatu, mfano upimwe kwa kila upande na kwa pembe za kulala, na eneo la hesabu liwe moja kwa wote. Nne, kila handaki lipime kwanza mfano mmoja wa pamoja ambao majibu yake yanajulikana, ili tofauti yake ionekane mapema. Tano, tarakimu zote, si muhtasari pekee, zikabidhiwe Serikali na kuhifadhiwa.

Hatuna handaki la namna hiyo, na si lazima tulijenge kesho. Linalohitajika ni kuwapeleka wahandisi vijana wetu wakashuhudie majaribio na kujifunza kuzisoma ripoti zake, na gharama hiyo iandikwe ndani ya mikataba. Itakuwa ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya kisima kimoja.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kabla mikataba haijafungwa na vyombo havijafika. Nahodha hukagua tanga na kamba chombo kingali pwani. Akishafika mkondoni na kusi limeshika, kinachobaki ni dua. Tunaiomba Serikali isiruhusu hata chombo kimoja kutia nanga katika maji haya kabla upepo wake haujapimwa kwa pishi linalojulikana na wote.