Baba wa mtoto mwenye ulemavu si msaidizi

Juzi nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, nilikwama kwenye sentensi moja: "Baba humsaidia mama kumlea mtoto." Kisarufi haina kasoro. Nilikwama kwa sababu niliwahi kuitamka mwenyewe, tena kwa majivuno.

Mwanangu wa pili alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kwa miaka minne nilijiona baba mwema kwa kuwa nilitoa nauli, nikalipia mazoezi ya viungo na kununua dawa. Mama yake ndiye aliyembeba mgongoni hadi kliniki, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamgeuza usiku kucha, na kuwajibu majirani waliotaka kujua ni kosa gani lililotendeka katika ukoo. Jioni nikirudi, nilimwuliza, "Mtoto wako ameshindaje?" Wako! Kimilikishi hicho kifupi kilimtwika yeye mzigo mzima. Siku moja nilimkuta ameketi jikoni gizani, chakula kikiungua jikoni naye hana habari. Daktari alisema ni sonona. Mimi nilikuwa nimedhani ni uchovu tu.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno "kusaidia" hubeba maana iyo hiyo: anayesaidia si mwenye kazi. Akichoka hutua, ilhali mwenye kazi hana pa kutua. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu hukabiliwa na sonona zaidi ya wenzao, na kwamba mwenzi anayeshiriki malezi huwapunguzia dhiki hiyo.

Yamkini wapo watakaosema kuwa kazi ya baba ni kutafuta riziki. Sikatai, matibabu yana gharama. Hata hivyo, fedha hazimgeuzi mtoto usiku wala hazimsikilizi mama anayelia. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, mama na baba wakiwa na wajibu sawa, wawe wameoana au la. Hakitaji msaada, kinataja wajibu.

Nanyi walimu, mnapoitisha kikao kuhusu mtoto mwenye mahitaji maalum, msimwandikie mama peke yake. Mwiteni baba kwa jina lake, na akija msimpongeze kama mgeni wa heshima. Nanyi wanafunzi, hasa wavulana, jifunzeni kulea mngali mkiwalea wadogo zenu.

Mke wangu alipata matibabu na ushauri nasaha, nami nikashika zamu. Siku ya kwanza nilipompeleka mtoto kliniki, muuguzi aliniuliza, "Mama yake yuko wapi?" Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemzoeza kuuliza hivyo, kwa miaka minne ya kutoonekana.

Ile sentensi ya mwanafunzi niliisahihisha kwa wino mwekundu: "Baba na mama humlea mtoto."