Mwiko Uliosingiziwa Mababu

Imani iliyoota mizizi Bujumbura, nchini Burundi, kwamba mapenzi baina ya Mhutu na Mtutsi yalikuwa mwiko tangu enzi za wafalme na kwa hiyo hayana budi kuishia msibani, ni ngano ya juzi iliyovishwa joho la ukale. Watu hao walizungumza Kirundi, waliishi kwenye vilima vilevile na kumtii mwami, yaani mfalme, mmoja. Tena mtoto alihesabiwa katika kundi la babake, kanuni ambayo isingekuwa na kazi yoyote iwapo wazazi wa makundi mawili hawakuwa wakioana.

Mwaka 1959 Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke Mhutu. Watetezi wa ngano watajibu kwamba Rwagasore alikuwa Mganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme uliohesabiwa kando ya Wahutu na Watutsi. Lakini jibu hilo lawageukia wenyewe, kwa kuwa aliyesimama juu ya wote ndiye angebanwa zaidi na mwiko, kama ungalikuwapo. Wapiga kura hawakuona doa: Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64. Alipouawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, chanzo kilikuwa uhasama wa kugombea madaraka, wala si ndoa yake.

Anayetafuta katazo la kale kweli amtazame Mtwa, mtu wa kundi la tatu la nchi hiyo, ambaye Wahutu na Watutsi walikataa kuoana naye na hata kula naye chombo kimoja, na ambaye hakuna anayemlilia katika hadithi za wapendanao.

Hofu inayotanda leo posa inapoletwa ina tarehe zake: mauaji ya kikabila ya 1972, na yale yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Hofu hiyo ni ya haki kwa waliofiwa, lakini ilitengenezwa na watu wenye majina na vyeo, si na mizimu. Basi mzazi anayemkataa mkwe aseme wazi kwamba anaogopa yaliyotokea 1972 na 1993, awaache mababu wapumzike, kwani hawakumkataza.