Ng'ombe Mmoja kwa Piano

Mwezi huu twende mbali kidogo, Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, jirani na Urusi. Mtu wetu ni Eduard Tubin, aliyezaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Torila.

Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kijiji. Siku moja akatoa ng'ombe, akaleta piano nyumbani. Wafugaji mnaosoma hapa mnaelewa, huo si mchezo! Mtoto akajifunza, akaenda mji wa Tartu kusomea ualimu, halafu utunzi wa muziki kwa mwalimu Heino Eller.

Mwaka 1943 ngoma yake ya jukwaani, *Kratt*, ilionyeshwa mara ya kwanza. Kratt ni kiumbe wa hadithi za mababu zao, anayemwibia bwana wake mali za watu. Tarehe 9 Machi 1944 ilikuwa ikichezwa jijini Tallinn, ndege za Sovieti zikashusha mabomu. Watu wakatoka mbio, ukumbi ukaungua. Septemba mwaka huohuo jeshi la Sovieti lilipokaribia, Tubin na mkewe na watoto wawili wakavuka bahari kwa mashua mpaka Uswidi.

Kwao alikuwa mtu mwenye jina. Kule akapata kazi kwenye jumba la maonyesho la Drottningholm, kutengeneza upya noti za opera za zamani zilizotungwa na wengine. Aliifanya hadi 1972. Hapo ndipo ananigusa mimi. Wangapi kati yetu walikuwa walimu au wauguzi nyumbani, na leo wanashika kazi yoyote inayopatikana?

Lakini zake hakuziacha. Mwaka 1946 alitunga simfoni ya 5, yaani muziki mrefu wa vyombo vingi, akaweka ndani yake sauti za nyimbo za kwao. Tena aliongoza kwaya ya wanaume Waestonia, wakimbizi kama yeye. Uraia wa Uswidi aliupata 1961.

Sifa za nje zilichelewa sana. Mwestonia mwenzake, Neeme Järvi, kiongozi wa okestra, alihamia Marekani mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaipiga simfoni ya 10 ya Tubin huko Boston. Mzee alifariki Novemba 1982 mjini Stockholm. Simfoni ya 11 ilikuwa bado mkononi, haijakamilika.