Gari la Pili Huanza Hesabu Upya

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili natupia jicho daftari la gari, na hasa gari la pili la nyumba. Zipo jamaa za askari na polisi hapa Rusizi ambazo, kwa jasho na akiba ya miaka, zimefika daraja ya kuwa na magari mawili: moja la kwendea kazini na kupeleka watoto kwa babu na bibi, na jingine la kuchumia. Furaha ya kununua huwa kubwa. Lakini siku ya kulikatia bima lile la pili, wengi hurudi nyumbani wakiwa wameinamisha vichwa.

Jioni moja alinijia mama mmoja wa hapa Kamembe, mke wa sajini. Mkononi alishika bahasha ya khaki, na ndani yake mlikuwa na karatasi za gari pamoja na fomu ya bima ambayo haijajazwa. Baada ya maamkizi alisema, “Mzee wangu, nimekuja kuomba shauri. Baba watoto yuko kazini nje ya nchi, nami sitaki kuliharakisha jambo hili nikaja kumtia aibu.”

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Bwana ana gari dogo ambalo amelikatia bima miaka 6 mfululizo bila kudai fidia hata mara moja, na kwa ajili hiyo kampuni humpunguzia ada. Mama naye hununua mchele Bugarama na kuuleta sokoni Kamembe. Kwa akiba yao wawili wamenunua pikapu kuukuu ili aache kukodi magari ya watu. Alipokwenda kwa wakala aliambiwa alipe ada kamili. “Nikamwambia sisi ni wateja wa miaka 6,” alisema. “Akanijibu kwamba punguzo ni la lile gari jingine.”

Alipotoka pale alikutana na jirani mwenye maneno matamu, naye akampa mashauri matatu. Kwanza, aandike kuwa pikapu ni ya matumizi ya nyumbani, wala si ya kubeba mizigo ya biashara. Pili, aandike kuwa dereva ni bwana, ingawa bwana hayupo na usukani utashikwa na mdogo wake mama, kijana ambaye leseni yake haijatimiza mwaka. Tatu, akate bima ya miezi mitatu tu, na miezi iliyosalia amwachie Mungu. “Aliniambia kwamba fedha nitakayookoa inatosha karo ya mtoto mmoja,” akasema mama yule, na hapo akanyamaza. Nilijua kuwa karo ile ndiyo iliyokuwa ikimsumbua moyoni.

Kabla ya kumjibu ilinibidi nimweleze punguzo hilo ni kitu gani. Kampuni ya bima haimpi mteja punguzo kwa kuwa inampenda, wala kwa kuwa ni mtu mwema. Inampa kwa sababu ina ushahidi: gari fulani, kwa mkataba fulani, limekwenda miaka kadhaa bila kuleta madai. Ushahidi huo ni wa mkataba ule. Gari la pili ni kama mtoto mchanga. Hata kama kaka yake ni mwanafunzi hodari, yeye bado hajafanya mtihani wowote. Tena magari mawili huweza kuwa barabarani kwa saa ile ile, mikononi mwa madereva wawili, na hatari ikawa mara mbili.

Hata hivyo, desturi hazifanani duniani kote. Nchini Ufaransa utaratibu wa punguzo na nyongeza uliwekwa na serikali mwaka 1976. Kila mwaka usio na ajali ya kosa hupunguza kipimo cha ada kwa asilimia 5, hata kifike nusu, na ajali ya kosa hukiongeza kwa asilimia 25. Huko, mwenye gari akiongeza la pili, na madereva wakiwa ni wale wale, kipimo alichokipata hukifuata gari hilo jipya. Nchini Uingereza, kwa kawaida punguzo hutumika kwa gari moja tu kwa wakati mmoja, ila zipo kampuni ambazo kwa hiari yao humtazamia mteja wa zamani. Somo tunalolipata ni kwamba jambo hili huzungumzika. Asiyeuliza hapewi.

Sasa turudi kwa yale mashauri ya jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na katika bima ni fupi zaidi. Fomu ile ni kiapo cha mkataba. Ukiandika kuwa gari ni la nyumbani, kisha likapata ajali likiwa na magunia ya mchele, kampuni inayo haki ya kukataa kulipa hasara yako. Na ikiwa ameumia mtu wa njiani, mara nyingi kampuni humlipa yeye, halafu humgeukia mwenye gari kudai kila kilicholipwa.

Shauri la tatu ndilo baya kuliko yote. Tangu mwaka 1975 sheria za Rwanda humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ile wengi waiitayo bima ndogo. Tunao pia mfuko maalumu wa dhamana, uliopangwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambao huwafidia watu walioumizwa na gari lisilo na bima au gari lililokimbia lisijulikane. Wako wadhanio kuwa mfuko huo ni kinga ya mwenye gari. Sivyo. Mfuko ni kinga ya aliyeumia. Ukishamlipa, humtafuta mwenye gari ili arudishe. Mguu wa mtu mmoja aliyevunjika kwenye barabara ya Bugarama huweza kula pikapu, shamba na mshahara wa miaka, na ile karo iliyookolewa isionekane ilipokwenda. Na aliyevunjika mguu naye ana watoto wanaosoma.

Nilipofika hapo mama yule aliuliza swali la haki: “Basi, Mzee, mtu wa kipato kidogo afanye nini?” Nilichukua kalamu, tukapiga hesabu pamoja. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, wala si bei ya kampuni yoyote. Kila msomaji na aweke zake.

Jambo la kwanza ni kuchagua kinga inayolingana na gari. Tuseme pikapu ina thamani ya faranga 6,000,000. Bima ndogo kwa mwaka ni faranga 150,000, na bima kubwa, ile inayolipia pia hasara ya gari lako mwenyewe, ni faranga 390,000. Tofauti ni faranga 240,000. Kama ungeiweka tofauti hiyo akibani, ungehitaji miaka 25 kupata thamani ya pikapu. Kwa gari jipya lililonunuliwa kwa mkopo, bima kubwa yafaa, na mara nyingine mkopeshaji huidai. Kwa gari kuukuu, ambalo thamani yake hushuka kila mwaka, jamaa nyingi hutosheka na bima ndogo. Kati ya hizo mbili, ulizia nyongeza ya moto na wizi. Tuseme nyongeza hiyo inaifikisha ada faranga 210,000. Pikapu inayolala nje ya ua haina budi kufikiriwa hivyo.

Jambo la pili ni kulipa kwa mwaka mzima pale iwezekanapo. Bima ya miezi mitatu huonekana nyepesi, lakini kwa kawaida haiuzwi kwa robo kamili ya ada ya mwaka, huzidi. Ikiwa miezi mitatu ni faranga 63,000, basi mara nne ni faranga 252,000. Umepoteza faranga 42,000 kwa kukosa fedha ya mkupuo. Dawa yake ni akiba. Faranga 210,000 ukizigawa kwa miezi 12 ni faranga 17,500 kwa mwezi. Askari wetu wanayo ZIGAMA CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya akiba na mikopo yao, na jina lenyewe la Kinyarwanda latuamuru kuweka akiba. Fungu la bima na litengwe siku ile ile ya mshahara, kabla halijaonja soko.

Jambo la tatu ni kupeleka magari yote mawili mezani kwa mtu mmoja. Mwambie wakala kwamba tarehe ya kufanya upya bima ya gari la kwanza inakaribia, na kwamba unapenda kuyaweka yote mahali pamoja ikiwa atakupunguzia. Kisha nenda kwa kampuni ya pili na ya tatu na maneno hayo hayo. Chukua barua ya kampuni yako inayothibitisha miaka uliyokaa bila madai. Barua hiyo haimlazimishi mtu, lakini humfungua macho. Makampuni ya bima nchini husimamiwa na Benki Kuu ya Rwanda, kwa hiyo hakikisha kuwa unayemlipa ana idhini yake. Karatasi ya bandia ni bei nafuu mpaka siku ya ajali.

Jambo la nne lawahusu madereva wa jeshi na polisi. Askari aliyeendesha lori miaka 10 bila mkwaruzo hushangaa anapoambiwa hana punguzo. Sababu yake ni ile ile: lori lilikuwa la serikali, wala hakuwa na mkataba wa bima kwa jina lake. Asikasirike. Aombe barua ya utumishi kwa mkuu wake, aiweke juu ya fomu, na aiache iseme. Na anayekwenda kazini nje ya nchi, gari lake likabaki limeegeshwa, aulize mapema kampuni yake itafanyaje. Kuacha mkataba ukatike muda mrefu huweza kulifuta punguzo alilolijenga kwa miaka mingi.

Jambo la tano lawahusu wanaovuka mto Rusizi. Cheti cha bima ya hapa hakitoshi ng’ambo ya daraja. Nchi za soko la COMESA zilikubaliana mwaka 1986 kuwa na kadi ya njano, ambayo huipeleka dhima yako kwa watu wengine katika nchi nyingine zilizomo. Kadi hiyo huambatana na bima uliyo nayo, wala haitengenezi gari lako lililoharibika huko. Kama pikapu haitoki Kamembe na Bugarama, usiinunue. Kama yavuka mara chache, muulize wakala kama aweza kukuandikia muda unaokufaa tu, na kama kadi inapokewa huko uendako siku hiyo.

Mwisho, gari la pili nalo lina siku yake ya kupata punguzo, na mwaka wa kwanza ndio msingi. Taa ikivunjika uani kwako, na una bima kubwa, pima kwanza: huenda kuitengeneza kwa fedha yako ni nafuu kuliko kudai na kupoteza punguzo la mwaka ujao. Lakini mtu akiguswa, hata akisema hana neno, toa taarifa kwa polisi na kwa kampuni bila kuchelewa. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Mama yule alisikiliza yote, kisha akasema jambo ambalo hakulisema tangu alipoingia: “Mdogo wangu bado haijui vema barabara ya mlimani. Nilitaka kuandika jina la bwana ili nisiongezewe ada, kumbe nilikuwa namficha kijana hata machoni pangu mwenyewe.” Usiku huo alimpigia bwana simu. Sajini hakusema mengi. Alimwambia kwamba fomu ijazwe kama mambo yalivyo, na kwamba kwa miezi 6 ya kwanza atafutwe dereva mzoefu wa kwenda Bugarama siku mbili za soko, kijana akae pembeni yake ajifunze.

Juma lililofuata nilimkuta sokoni akishusha magunia. Alikuwa amelipa zaidi ya vile jirani alivyomshauri, na pungufu ya vile wakala alivyomwambia mara ya kwanza, kwa kuwa alizungukia kampuni tatu na barua yake mkononi. Karo ilikuwa bado haijatimia, akaniambia, lakini mkuu wa shule amekubali ilipwe kwa mafungu mawili.

Ndugu msomaji, kabla hujaipeleka bahasha yako kwa wakala, keti na mwenzako mezani, mwandike gari litabeba nini, litaendeshwa na nani na litalala wapi. Hayo matatu yakiwa kweli, ndipo muulize bei. Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.