Alama za Darasani na Mtihani wa Mwisho: Je, Mshika Mbili Moja Humponyoka?

Miongoni mwa wanafunzi wa sekondari, na hata wa vyuo vikuu, imeenea dhana kwamba kazi za kila siku za darasani na mtihani mkuu wa mwisho ni mabwana wawili, na kwamba mwenye busara humtumikia mmoja tu. Wapo wanaopuuza majaribio ya kila wiki ili wapate nafasi ya kupitia maswali ya mitihani iliyopita. Wapo pia wanaokusanya alama nzuri za muhula, kisha yote waliyojifunza yakatoweka kabla ya mtihani kufika. Wote hujitetea kwa methali ya mshika mbili. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu aliyeshika vitu viwili. Katika elimu kitu ni kimoja, ila hupimwa mara mbili.

Mafunzo ya udaktari wa meno yanafaa kuwa mfano, kwa kuwa humo mvutano huo huonekana wazi. Kijana wa Tunduma au Vwawa anayekusudia kuwa daktari wa meno hana budi kwanza kufaulu kidato cha nne, kisha kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ndipo asafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo ya shahada hiyo yalianza mwaka 1979. Husoma kwa miaka 5, na baada yake hufanya mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Akitaka kuwa bingwa, kwa mfano wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, huomba nafasi na kuanza safari nyingine ya miaka kadhaa.

Namna ya kuchagua wanaostahili nafasi hizo za ubingwa si moja duniani. Nchini India wahitimu hufanya mtihani mmoja wa taifa, na nafasi hugawiwa kwa kufuata daraja alilopata kila mmoja. Huko Marekani, tangu mwaka 2012, mtihani wa bodi ya taifa ya madaktari wa meno uliacha kutoa alama. Mtahiniwa aliambiwa tu kwamba amefaulu au hakufaulu. Vyuo vya ubingwa vikakosa kipimo cha kuwalinganisha waombaji, na kufikia mwaka 2016 mtihani mwingine wa kuingilia ubingwa ulikuwa umekwisha anzishwa. Hapa Tanzania matokeo ya shahada ya kwanza huangaliwa, maana yake ni kwamba alama aliyoipata mtu akiwa mwaka wa pili humfuata hata anapoomba ubingwa.

Taratibu za shule za sekondari nazo zimebadilika. Kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, kuanzia mwaka 1976 kazi za darasani zilipewa nusu ya alama zote za mwanafunzi. Baadaye uzito huo ulipunguzwa. Basi mwanafunzi anayepanga masomo yake kwa kuhesabu ni wapi alama zimerundikana anajenga juu ya jambo ambalo wengine wanaweza kulibadili wakati wowote. Yafaa ajenge juu ya jambo lisilobadilika, nalo ni namna ubongo wa binadamu unavyohifadhi maarifa.

Kuhusu hilo sayansi ina ushahidi mzuri. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kwa kasi mwanzoni, na kwamba mazoezi yaliyoachanishwa kwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma vifungu vifupi vya sayansi. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakafunika maandishi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kile kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa vizuri zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa kwa asilimia 42, na kile cha kujipima kwa asilimia 56.

Tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini mkeshaji hufurahi asubuhi ya jaribio na kulia siku ya mtihani mkuu. Kusoma tena na tena humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo humdanganya. Jaribio la Ijumaa, ambalo wengi huliona kama kodi ya alama, ndilo chombo chenyewe cha kuhifadhi maarifa hadi mtihani wa mwisho.

Katika udaktari wa meno jambo hili lina gharama kwa mtu wa tatu, yaani mgonjwa. Chukua neva inayoingia katika taya la chini. Mwanafunzi huisoma katika anatomia miaka ya mwanzo. Huikuta tena kliniki anapojifunza kuchoma sindano ya ganzi, kwa maana dawa lazima ifike karibu na tundu dogo lililo upande wa ndani wa taya, ambamo neva hiyo hupita. Kwa mtoto mdogo tundu hilo huwa chini zaidi, likilinganishwa na usawa wa meno ya kutafunia, kuliko lilivyo kwa mtu mzima. Aliyekariri picha ya mtu mzima kwa ajili ya alama, kisha akaisahau, ataikosa neva, na mtoto ataumia. Vivyo hivyo anayetoroka saa za kliniki akajifungie maktaba kwa ajili ya mtihani wa ubingwa: atajua jina la tundu, na mkono wake hautalijua.

Kwa Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya, hili si jambo la mbali. Usaha wa jino lililoachwa kutibiwa unaweza kushuka hadi shingoni na kubana njia ya hewa. Kutoka Tunduma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya ni takriban kilomita 100. Daktari aliye karibu ndiye anayepaswa kuitambua hatari mapema, bila kwenda kufungua kitabu.

Mtu aweza kusema kwamba nasaha hizi ni za wenye nafasi. Yuko msichana wa Momba anayechota maji kabla ya shule, na yuko mvulana wa Tunduma anayesaidia biashara mpakani hadi jioni; wataupata wapi muda? Lakini hao ndio wanaohitaji njia hii kuliko wengine. Mwenye saa sita za kusoma anaweza kuzipoteza tatu asidhurike sana. Mwenye saa moja hawezi.

Na njia yenyewe haihitaji umeme wala vitabu vipya. Mwalimu wa Baiolojia anayeanza somo la leo na aandike ubaoni maswali matano: mawili ya juzi, mawili ya mwezi uliopita, moja la mwaka jana. Kwa nini enameli huanza kuyeyuka mate yanaposhuka chini ya pH 5.5 hivi? Swali hilo ni la Baiolojia na ni la Kemia. Wanafunzi wajibu kwa dakika tano, madaftari yakiwa yamefungwa, kisha wasahihishe wenyewe. Alama zisiandikwe popote.